Ukurasa Usio na Mahali

Damu ya kwenye mkoba ilikuwa na magamba.

Sajenti Asukile aliuinua ule mkoba wa turubai hadi kwenye mwanga wa dirisha, akalikwaruza doa kwa ukucha wa kidole gumba, akaweka mezani kigamba kimoja kikavu, chembamba kama ganda la kitunguu. Akakwaruza tena. Kikatoka cha pili.

"Konstebo Matano, binadamu ana magamba?"

"Kwa ninavyojua mie, afande, hana." Matano alikisogelea kigamba kwa jicho moja. "Ila nina shemeji mmoja kule Iringa, huyo sina hakika naye."

"Hii ni damu ya perege. Mkoba umepanda mtumbwi wa mvuvi, hakuna zaidi. Andika."

Matano akaandika. Hivyo ndivyo ushahidi mkubwa wa kituo kidogo cha polisi cha Mfumbila ulivyoyeyuka kabla chai ya saa nne haijachemka. Wawili hao walikuwa wamefika asubuhi ile ya Alhamisi, tarehe 19 Januari 1956, kwa lori kutoka Mbeya, matope hadi masikioni, wakakuta kesi imeshapikwa na kupakuliwa, imebaki kuliwa tu. Mwalimu Sedekia wa shule ya misheni alikuwa hajaonekana kwa siku tisa. Mvuvi mmoja, jina lake Jailos, alikamatwa Ijumaa iliyopita sokoni Rujewa akiendesha baiskeli ya Mwalimu, begani ana mkoba wa Mwalimu, na ndani ya mkoba mna daftari la Mwalimu. Alipoulizwa mwenye vitu hivyo yuko wapi, alijibu neno moja: "Yupo." Alipoulizwa yupo wapi, alifunga mdomo, na tangu siku hiyo ulikuwa haufunguki ila kwa ugali.

Inspekta Tolland, mkuu wa kituo, alikuwa ameshakata shauri. Lori lilelile lingerudi Mbeya kesho saa sita mchana, na Jailos angekuwa ndani yake na pingu mikononi, akajibu shtaka la kuua. Shtaka hilo lina kitanzi mwishoni, na hakuna mtu pale kituoni ambaye hakulijua hilo.

"Ana baiskeli ya mtu, hataki kusema mtu yuko wapi," Inspekta alisema. "Unataka nini zaidi, Sajenti?"

"Maiti, bwana."

"Maiti iko ndani ya maji. Umeyaona maji?"

Nani asingeyaona! Mvua ilikuwa haijakatika tangu Jumamosi. Ihefu, lile bwawa kubwa la uwanda wa Usangu, lilikuwa limevuka kingo zake, limemeza njia za ng'ombe na mashamba ya mpunga, na sasa lilikuwa likilamba uzio wa nyuma wa kituo.

"Nipe mpaka kesho saa sita, bwana."

Inspekta aliitazama saa yake kana kwamba muda ulianza papo hapo. "Mpaka saa sita. Lori halitakungoja."

Asukile akalivuta daftari. Kwamba Mwalimu Sedekia alihesabu ndege haikuwa siri. Kuanzia Rujewa hadi Mbalizi watu walimcheka kwa hilo. Kila mwaka, baridi ya theluji ikibana huko Ulaya, korongo weupe huihama na kuja Usangu kula panzi, pamoja na mbayuwayu na videge vingine chungu nzima. Mwalimu aliwafuata kwa baiskeli, akawahesabu, na hesabu akaituma kwa posta kwa mabwana fulani ng'ambo, ambao walimjibu kwa barua za heshima kuliko alizowahi kupata kwa mkaguzi wa shule. Daftari lake lilipigwa mistari minne kwa rula: tarehe, mahali, ndege, idadi.

"Tarehe 7, mashamba ya mpunga, Rujewa," Asukile alisoma. "Tarehe 8, 'Jumapili, sikuhesabu.' Tarehe 9, darajani. Sasa tazama tarehe 10, 11 na 12."

Matano akainama. Ndege walikuwapo, idadi ilikuwapo. Mahali palikuwa peupe.

"Kasahau, afande."

"Mtu anayeandika 'Jumapili, sikuhesabu' hawezi kusahau siku tatu mfululizo. Mwandiko ni wake, haukutetemeka. Ameacha kwa makusudi. Mlete Jailos."

Jailos alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mikono iliyopasuka kwa maji na kamba za nyavu. Alikaa sakafuni ingawa kiti kilikuwapo.

"Ndugu Jailos, mimi ni Asukile. Nimetoka Mbeya."

"Nimesikia."

"Mwalimu alikupa baiskeli mwenyewe?"

Jailos alichokonoa ufa wa kiganja chake.

"Hili daftari limejaa, halina hata ukurasa mmoja uliobaki. Nadhani ulitumwa sokoni kununua jipya. Na hili ulikuwa unampelekea mkewe."

Macho ya Jailos yaliruka kidogo, yakarudi sakafuni. Asukile aliona, akaendelea polepole.

"Kesho utapelekwa Mbeya. Unajua unakoenda?"

"Najua."

"Na bado husemi?"

"Afande, mimi nasemaga sana tu, waulize watu." Jailos alivuta pumzi. "Lakini kuna neno nililiapia mbele ya wakwe zangu. Mtu akishavunja neno la ukweni atakaa wapi? Nipelekeni."

"Mwalimu ana chakula?" Asukile aliuliza ghafla.

Jailos alitazama dirishani, kwenye mvua. Kisha, kwa mara ya kwanza, uso wake ulivunjika. Alionekana mwenye hofu, na haikuwa hofu ya kitanzi.

"Mnanikalisha hapa siku ya saba," alisema. "Siku ya saba, na maji yanapanda."

Walipotoka nje, Matano alikuwa akijikuna kichwa. "Muuaji gani huyu anayeogopa maji yasimchukue marehemu wake?"

"Ndiyo maana tunakwenda kwa mke wa Mwalimu," alisema Asukile.

Bibi Yudith, mke wa Mwalimu, alikuwa mwanamke wa Kibena mwenye sauti ya chini na mgongo ulionyooka. "Kamwene," aliwaamkia, akawapa vigoda na viazi vya moto, akaketi akisubiri. Hakulia. Alisema ataanza kulia atakapoonyeshwa cha kulilia. Asukile alipomwekea daftari mapajani alilifungua moja kwa moja kwenye ukurasa wa mwisho, na kidole chake kikaenda kwenye mstari mmoja.

"Korongo weupe, mia nne na kumi na mbili!" Alifunika mdomo kwa kiganja. "Mwaka jana hawakufika hata mia mbili. Huyu mtu yuko hai, afande. Asingeweza kufa na hesabu hii bila kuja kunisumbua nayo usiku kucha."

Matano alicheka, na Bibi Yudith pia akatabasamu kidogo.

"Mama, nisomee hawa wengine," alisema Asukile. "Mimi ni mtu wa Tukuyu, namjua kunguru na kuku."

"Miaka tisa nakula ugali na ndege mezani, nitakusomea. Yangeyange, sitini na wanne. Hao weupe wanaofuata ng'ombe. Videge vya njano vinavyotikisa mkia, zaidi ya mia mbili. Hivyo vinatoka Ulaya, vinakimbia miguuni mwa mifugo kukamata nzi. Shashi, kumi na mmoja."

"Shashi ndiyo nani?"

"Wala kupe. Hukaa mgongoni mwa mnyama, hula hapo, hulala hapo. Usipokuwa na mnyama mkubwa, shashi huna."

"Nyati," Matano alidakia. "Ihefu imejaa nyati. Basi Mwalimu amekanyagwa na nyati, kesi imekwisha, nami narudi Mbeya."

Bibi Yudith alikuwa bado anasoma. "Keremkerem, thelathini, kwenye moshi."

"Rudia hapo," alisema Asukile.

"Kwenye moshi. Keremkerem hupenda moshi, hukamata wadudu wanaoukimbia."

Asukile alikitua kiazi chake. "Moshi wa nini, katikati ya bwawa, Januari, nyasi zote zimelowa? Nani anawasha moto huko? Wachungaji huwasha samadi kufukuza nzi. Nyati hawawashi moto, Matano."

Kila mtu katika wilaya aliijua habari ya ng'ombe wa Mfumbila. Mwezi wa kumi na moja ilitoka amri ya kupunguza mifugo: kila kaya itoe sehemu ya ng'ombe wake mnadani, itake isitake. Wahesabuji walipokuja Desemba, kijiji kilichokuwa na ng'ombe mia tatu kilikutwa na arobaini. Wazee walisema sotoka imewamaliza. Ilikuwa sotoka ya ajabu, iliyoua ng'ombe mia mbili na sitini bila kuacha hata ngozi moja.

"Mume wangu hajui kusema uongo," Bibi Yudith alisema taratibu. "Akitakiwa kuficha jambo, hunyamaza tu. Wamemwambia: tutakupeleka walipo korongo, ila usiandike ni wapi. Hakuandika. Ng'ombe pia hakuwaandika."

"Lakini ndege hakuweza kuwaacha."

"Hao hata ungemshikia panga."

Asukile alisimama, akatembea hadi mlangoni na kurudi. Sasa aliliona jambo lote, na halikumfurahisha hata kidogo. Mwalimu yuko kwenye mwinuko fulani pamoja na ng'ombe waliofichwa, maji pande zote. Mtumbwi uliompeleka ni wa Jailos, na Jailos ndiye wa kumrudisha. Serikali imemfungia ndani mtu mmoja tu aliyekuwa akienda kumwokoa yule inayesema ameuawa. Na huyo mtu akisema neno, Mwalimu atapona na wakwe zake Jailos, wenye ng'ombe, watafilisika; asiposema, ananyongwa. Alikuwa amechagua kunyamaza akitumaini kwamba maji yatakuwa na huruma kuliko polisi.

"Mwinuko uko wapi?" aliuliza Matano. "Bwawa lile halina mwisho."

"Wanakijiji hawatasema. Tutawauliza yangeyange."

Alfajiri ya Ijumaa mvua ilikuwa imepumzika. Asukile na Matano walisimama juu ya paa la ghala la mpunga, wakitazama miti ya mto ambako yangeyange hulala. Kulipopambazuka ndege wale walianza kujikung'uta, mti mzima ukawa mweupe, unatikisika. Kundi dogo, kama ishirini hivi, lilishuka kwenye zizi la kijiji kwa wale ng'ombe arobaini. Kundi kubwa halikugeuza hata shingo. Liliinuka, likapita juu ya vichwa vyao, likanyoosha juu ya maji matupu kuelekea jua linakotoka.

"Wanakwenda kazini," alisema Asukile. Alifungua dira yake, akaandika nyuzi za mwelekeo wao. Dakika kumi baadaye likapita kundi jingine, njia ileile. "Matano, unaona ule mti mkavu wenye panda? Wamepita kulia kwake. Twende."

"Twende na nini, afande?"

Swali lilikuwa la maana. Kila mwenye mtumbwi Mfumbila alikuwa na la kusema: huu unavuja, ule ameazimwa mjomba, upondo wa huu umevunjika jana. Mtumbwi wa Jailos ulikuwa umefungwa nyuma ya kituo kama kielelezo cha kesi. Kando yake alisimama mwanamke ameshika bakuli la uji wa mumewe, alilokataliwa kuliingiza. Alikuwa Benedicta, mke wa Jailos.

"Mama, unajua kusukuma mtumbwi?"

"Nimezaliwa ndani yake."

"Tupeleke upande ule."

Benedicta alitazama kidole cha Asukile kilikoelekea, na uso wake ukawa mgumu. "Mimi sionyeshi mtu njia. Na mimi niliapa."

"Sikukuuliza njia. Njia nitasema mimi. Wewe sukuma tu."

Alifikiri. Aliuweka uji chini, akaufunika kwa jani. "Ukisema kushoto, nitakwenda kushoto," alisema. "Ukipotea, nitapotea na wewe. Neno langu litakuwa zima."

Wakaingia. Matano, ambaye babu zake wote walitoka Tanga na hakuna aliyewahi kumfundisha kuogelea, alikaa katikati ameshika kingo zote mbili, akisoma kila dua aliyofundishwa. Benedicta alisukuma kwa upondo mrefu, bila kutazama mbele. Alimtazama Asukile tu. Asukile aliitazama dira, na dira ilipobabaisha katikati ya matete aliwatazama yangeyange waliochelewa wakipita juu, mmoja mmoja. Kulia. Mbele. Kulia tena. Mahali pamoja alikosea, akasema kushoto, na upondo ukasita hewani. Benedicta hakusema kitu. Lakini ule upondo ulikaa hewani muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Samahani," alisema Asukile. "Kulia."

"Kulia," alisema Benedicta, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Baadaye alimwuliza, sauti chini, "Afande, ukikuta zaidi ya mtu mmoja huko, utafanyaje?"

Asukile aliigeuza dira mkononi. Alikuwa na miaka kumi na moja katika kazi ile, na hakuwahi kuandika ripoti yenye tundu.

Walisikia mlio wa ng'ombe kabla hawajaona nchi kavu. Kisha matete yakaachana, na mwinuko ukatokea mbele yao, wa kijani kibichi, mrefu kama viwanja vitatu vya mpira, na juu yake ng'ombe wa Mfumbila, wanono na wenye afya, waliokufa wote kwa sotoka. Katikati yao walitembea korongo weupe mamia, wekundu wa miguu na midomo, wakiokota panzi bila haraka. Hata Matano aliachia kingo za mtumbwi kwa mshangao.

Mwalimu Sedekia alikuwa ameketi chini ya kibanda cha matete, mguu umefungwa kwa kitambaa, umevimba. Mwiba wa kambale ulikuwa umemchoma siku ya tano. Kando yake alisimama kaka yake Benedicta, Gideoni mchunga ng'ombe, na mkuki mkononi, hajui auweke wapi. Walikuwa wameishi kwa maziwa.

"Jailos yuko wapi?" Mwalimu aliuliza kwanza, kabla ya salamu. "Alisema Jumamosi. Jailos hachelewi. Amezama?"

"Yuko mahabusu, Mwalimu. Anashtakiwa kwa kukuua wewe."

Mwalimu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Miwani yake ilikuwa imevunjika kioo kimoja. "Na hakuwaambia niliko?"

"Hakuwaambia."

Mzee wa watu alianza kulia, waziwazi, bila kujificha. Gideoni alichomeka mkuki ardhini, akaugeuzia mgongo.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika chache walipogusa uzio wa kituo. Injini ya lori ilikuwa inanguruma. Jailos alikuwa ameshakaa nyuma, pingu mikononi, askari wawili ubavuni. Alipomwona mkewe na upondo, kisha akamwona aliyebebwa mgongoni na Matano, aliinamisha kichwa hadi magotini. Hakushangilia. Alidhani ameuzwa.

Inspekta Tolland alitoka barazani. Alimtazama Mwalimu tangu unyayo uliovimba hadi kwenye kile kioo kimoja. Ni haki kusema kwamba hakuwa mtu mbaya. Aliwaamuru wazime lori kabla hajasema neno lingine.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye mwinuko, bwana, nahesabu ndege. Maji yalinifungia."

"Na huko kuna nini?"

Aliyeulizwa ni mtu asiyejua kusema uongo, na aliyeuliza alikuwa ameshachomoa kalamu. Mwalimu alivuta pumzi, akaanza, kwa sauti ileile ya darasani: "Kuna yangeyange, sitini na wanne. Kuna videge vya njano, zaidi ya mia mbili. Shashi, kumi na mmoja. Keremkerem, thelathini, kwenye moshi. Korongo weupe, mia nne na kumi na..."

"Inatosha, Mwalimu, inatosha!" Inspekta alifunga kalamu. "Ndege. Nimesikia. Konstebo, na wewe uliona nini?"

"Mie, bwana?" alisema Matano. "Mie nilifumba macho tangu tunaondoka. Siyawezi maji."

Inspekta alimgeukia Asukile. Asukile aliitazama saa ya ukutani.

"Ripoti yangu itakuwa fupi, bwana," alisema. "Nilitumwa kumtafuta mtu mmoja. Nimempata."

Inspekta akatoa ufunguo wa pingu mwenyewe, akamrushia.

Asukile alipanda nyuma ya lori. Jailos alinyoosha mikono bila kuinua macho, na pingu ziliposhuka hakujisugua vifundo vya mikono kama wengine wafanyavyo. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, sauti ya mtu anayeuliza habari za msiba:

"Nani amewaambia?"

"Hakuna. Mkeo hakusema, Mwalimu hakusema, na wewe hukusema. Nimeitafuta njia mwenyewe, na mara moja nilipotea."

Jailos aliinua uso. "Na ng'ombe, afande?"

"Ng'ombe gani?" alisema Asukile.

Kisha yule mtu aliyekaa siku saba bila kutoa chozi akashuka garini, akaketi papo hapo kwenye matope miguuni mwa mkewe, akalia kwa sauti, huku Benedicta ameuangusha upondo, amemshika kichwa kwa mikono miwili, anacheka.